Usiifungue Saa Hiyo

Isiolo
7 Machi 1981

Mpendwa Mjomba Denge,

Assalaam aleikum. Mama anakusalimu. Utanisamehe nikifupisha salamu, kwa sababu nyumbani hakuna amani.

Warsame, mfanyabiashara wa ng'ombe, ameuawa. Ilikuwa tarehe 12 mwezi uliopita, kwenye barabara ya Kulamawe. Majambazi waliziba njia kwa mawe, wakampiga dereva risasi ya uso, kisha wakamshusha Warsame. Unaikumbuka saa yake ya dhahabu kutoka Uswisi, ambayo alisema aliinunua Jeddah. Mkanda wake uliwashinda kufungua, wakaukata mkono kwa panga akiwa hai. Aliyeokoka ni mpakiaji wake peke yake, Lomuria, aliyejificha kati ya miguu ya ng'ombe mpaka wakaondoka. Lomuria ni baba ya Gladys, ambaye tunakaa dawati moja.

Juzi Alhamisi Kaka Roba alikwenda mnadani akiwa na saa ya dhahabu mkononi. Bule, mdogo wake Warsame, akamshika kola. Akamwambia, "Wewe mchunga mbuzi, tangu lini jua likakushinda ukahitaji saa?" Watu wakacheka. Roba akasema aliinunua Nanyuki kwa bei ndogo kutoka kwa mtu asiyemjua. Hapo kicheko kikaisha. Walimfunga kwenye nguzo ya zizi la kuuzia ng'ombe, wakampiga kwa fimbo za mikaratusi mpaka mkono wa kushoto ukavunjika na meno mawili yakatoka. Mama alijilaza juu yake ndipo wakaacha.

Wazee wa pande zote mbili, Wasomali na sisi Waborana, wameichukua saa ikae kwa Mzee Yattani, na Roba amefungiwa huko huko. Watakaa Ijumaa tarehe 20. Wakisema ni ya Warsame, Roba atakabidhiwa kwa Bule.

Mjomba, mimi nina wazo. Isiolo nzima inajua saa ya Warsame ilikuwa halisi. Mwezi wa Ramadhani watu wa mnadani, ambako adhana haifiki, walikuwa wakifuturu kwa saa hiyo. Sasa kama Roba alinunua kwa bei ndogo, lazima yake ni bandia. Na kama ni bandia, haiwezi kuwa ya Warsame. Nimetafuta katika maktaba ya shule nikapata kitabu kimoja kinachoeleza saa za mchanga na za kivuli tu. Wewe ni fundi. Saa halisi na saa bandia zinatofautishwaje? Niandikie kila kitu. Mimi siwezi kusema mbele ya watu, unanijua, lakini kwa hili nitajaribu.

Mpwa wako,
Kabale

*

Nairobi
12 Machi 1981

Kabale binti dada yangu,

Aleikum salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu, kazi imelala mezani. Mpe Mama pole nyingi.

Wazo lako ni zuri. Lishike, wala usimweleze mtu kabla ya siku yenyewe.

Kwanza, uzito. Ipime kwa kiganja. Dhahabu ni nzito kuliko unavyodhani, na bandia huwa nyepesi kama ahadi za wakati wa kura. Pili, iweke sikioni. Saa halisi hunong'ona haraka haraka, bandia hugonga kama mtu anayetembea na viatu vya mbao. Tatu, mkono wa sekunde. Ule wa halisi huteleza, wa bandia huruka kama chura. Nne, tazama maandishi usoni. Nimekutumia lenzi yangu ndogo, unaibana kwa jicho. Herufi za halisi zina kingo kali. Za bandia wino umetambaa kama kwenye karatasi ya kufungia sukari. Tano, angalia kwenye pembe zile mkanda unaposhikia, ambako shati husugua kila siku. Dhahabu ya kweli ikisuguliwa chini yake kuna dhahabu. Dhahabu ya kupakwa chini yake kuna shaba.

Hizo tano zinatosha. Nimeweka pia kisu kidogo butu. Hicho ni cha kutolea mkanda tu. Usiifungue saa hiyo kwa nyuma. Vumbi la Isiolo likiingia ndani mashine itakufa, halafu watasema umeharibu ushahidi. Narudia, usiifungue.

Na usitetemeke. Fikiria unasoma darasani.

Mjomba wako,
Denge

*

Isiolo
21 Machi 1981

Mpendwa Mjomba,

Roba amerudi nyumbani! Nakuandikia kabla sijanywa chai.

Walikaa chini ya bati la mnada, watu labda mia mbili. Wanawake walikuwa upande wa nyuma. Godana, binamu yetu, ndiye angezungumza kwa niaba yetu, lakini alipoibana ile lenzi jichoni ikaanguka mara mbili. Mzee Yattani akauliza, "Ni nani anayejua kazi hii?" Mama akanisukuma mgongoni.

Nilianza kusema lakini sauti haikutoka. Bule akapaza sauti, "Huyu anaongea na sisi au anaongea na saa?" Wakacheka tena. Basi nikaangalia chini nikajifanya nasoma. Nilitaja uzito, sauti, mkono wa sekunde na herufi. Kwenye pembe niliwaonyesha shaba, na wazee wakapokezana lenzi. Bule akasema, "Ndugu yangu alishika kamba za ng'ombe kila siku. Hata wewe ukisuguliwa utatoka rangi." Kisha akainuka akampiga Roba rungu la bega, pale pale alipokaa, upande wa mkono uliovunjika. Roba alilia kama mtoto. Bule akaniambia, "Fungua tumbo lake tuone utumbo. Ukikataa, nitajua kwa nini."

Mjomba, nisamehe. Niliifungua. Nilitumia kile kisu, nikaweka kitambaa cheupe magotini ili vumbi lisiingie.

Ndani kulikuwa na mashine ndogo kuliko nafasi yake, na pete ya bati imezungushiwa ili isichezecheze. Hakukuwa na yale mawe mekundu madogo uliyonionyesha siku moja kwenye saa ya mwalimu mkuu. Hakuna jina wala nambari. Upande wa ndani wa kifuniko kulikuwa na mikwaruzo tu, mtu amechora kitu kama kulabu ya kutundikia nyama na tarakimu 17-4-79. Nikawaambia wazee, hata huu ni ushahidi, kwa sababu nani angekwaruza saa ya dhahabu? Wote wakaafiki. Mzee Yattani akasema, "Bati ni bati." Roba akashika Msahafu akaapa. Wakamfungua.

Bule aliokota rungu lake. Kisha akawaambia vijana wake, "Basi saa ya ndugu yangu iko kwa yule aliyebaki hai." Wakaondoka pamoja. Sikuelewa vizuri kwa sababu Mama alikuwa ananikumbatia.

Alfajiri ya leo Roba amekwenda Gotu kupumzika kwenye mbuzi wetu. Saa ameiacha nyumbani, hataki hata kuiona.

Mpwa wako mwenye furaha,
Kabale

*

Nairobi
26 Machi 1981

Kabale,

Alhamdulillahi. Umefanya kazi ya watu kumi.

Sasa nisikilize. Mpe dereva wa basi hiyo saa, uifunge kwa gazeti, aniletee. Kama hutaki kumwamini dereva, itupe chooni. Usiivae, usimwonyeshe mtu, usiizungumzie tena. Jambo limekwisha. Rudi kwenye vitabu vyako, mwaka ujao ni mtihani.

Denge

*

Isiolo
1 Aprili 1981

Mjomba,

Saa sijaituma wala sijaitupa. Nitakueleza kwa nini.

Siku ile ile ya kikao, Bule na vijana wake walikwenda nyumbani kwa akina Gladys. Nakiru, mama yake, aliwazuia mlangoni, wakamchapa kwa bapa la sime mpaka akaanguka kwenye moto wa jikoni. Mkono wake umeungua hadi kwenye kiwiko. Nyumba waliichoma. Lomuria walimburuta kwa kamba nyuma ya gari. Sasa wanamweka mahali fulani katika mazizi ya Bule, amening'inizwa kwa viganja. Kila asubuhi anachapwa kiboko na kuulizwa, "Saa iko wapi? Uliwauzia njia kwa shilingi ngapi?" Jicho moja limepasuka. Polisi walikuja, lakini hakuna aliyekubali kusema yuko zizi gani. Bule ametangaza kwamba Ijumaa tarehe 10 atamkata mkono kama ndugu yake alivyokatwa, kisha amwache atoke damu.

Gladys amerudi shuleni jana. Ana nguo moja. Alikaa karibu nami kama kawaida akaniambia, "Kabale, wewe unajua mambo ya saa. Wasaidie waitafute."

Jana hiyo hiyo mwalimu wetu Margaret alileta darasani saa ya mezani iliyotoka kwa fundi, atufundishe springi. Alipotoa kifuniko niliona ndani mikwaruzo midogo, jina na tarehe. Nikamuuliza. Akasema kila fundi huacha alama yake ndani ya saa aliyoitengeneza, ili ikirudi aijue kazi yake.

Nilipofika nyumbani nilichukua saa yangu, ile uliyonipa nilipofaulu darasa la saba. Uliniambia umeitengeneza kwa mikono yako. Niliifungua kwa kile kisu. Mjomba, ndani kuna kulabu. Kulabu ile ile, na mkia wake umepindwa vile vile.

Saa ya Roba ilipita mikononi mwako tarehe 17 Aprili 1979. Wewe huandika kila kazi kwenye daftari. Ni nani aliyeileta?

Nimempa dereva barua hii mkononi. Nijibu kwa dereva huyo huyo.

Kabale

*

Nairobi
4 Aprili 1981

Kabale,

Ni Warsame.

Alikuja dukani akiwa na kanzu mpya, akaiweka mezani kama mtu anayeweka yai. Alisema inakwenda mbio, kila siku dakika tisa mbele. Niliifungua nikaona bati. Nilimwambia ukweli. Alikaa kwenye kigoda changu, jasho likimtoka. Hakuuliza habari ya ngamia wanne aliowauza ili ainunue. Aliniuliza, "Denge, wale waliofuturu kwa saa hii?" Ramadhani iliyotangulia mnada mzima ulikuwa umekula kabla ya magharibi, kwa neno lake. Aliniapisha nisimwambie mtu hata mmoja. Niliitengeneza ikaacha kukimbia, nikakwaruza alama yangu kama mazoea, akaenda zake.

Kwa hiyo barua yako ya kwanza ilipofika nilikuwa najua. Nilijua saa bandia haimtoi Roba hatiani. Nilijua pia kwamba wazee hawajui. Ndiyo sababu nilikufundisha zile tano na kukukataza ya sita. Labda Roba aliinunua kweli Nanyuki, nilijiambia. Hata sasa najiambia hivyo.

Huyo Lomuria simjui. Roba nilimbeba siku alipozaliwa. Mama yako ana mtoto wa kiume mmoja, na baba yako hayupo. Ukisema, watamchinja, na wewe ndiye utakayekuwa umewapa kisu. Ukinyamaza, hakuna duniani atakayejua ila wewe na mimi. Nakuomba kama mtu mzima anayemwomba mtu mzima.

Sikukudanganya katika neno lolote kuhusu saa. Yote niliyokufundisha ni kweli.

Denge

*

Gotu
Tarehe 7 mwezi wa nne

Kabale

Barua hii inakuja na Abiba muuza maziwa. Anasema wewe unauliza uliza watu mimi nilikuwa wapi ile siku ya Kulamawe. Mama naye amelia kwa Abiba.

Sasa wacha nikwambie halafu unyamaze. Nilikuwa huko. Sikupiga mtu risasi. Mimi nilishikilia mkono tu, mwingine ndiye alikata. Alikata mara tatu sababu panga ilikuwa butu. Yule mzee alikuwa ananiita kwa jina. Alinijua, alikuwa ananunua mbuzi kwetu, sasa angebaki hai ningefanya nini? Wenzangu wakachukua pesa wakanipa saa. Hata hiyo kumbe bati.

Huyo Lomuria ni mtu wa mbali na sisi. Wacha wamalizane. Wewe na vitabu vyako unafikiri dunia ni shule, ukisema ukweli unapewa alama. Ukifungua mdomo nitakuja hapo nyumbani na mkono huu mmoja unanitosha.

Choma hii.

Roba

*

Isiolo
8 Aprili 1981

Kaka Roba,

Namrudisha Abiba na barua hii leo leo.

Barua yako sikuichoma. Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri nitakwenda mbele ya wazee niwaambie nilikosea, na nitawaonyesha alama ya fundi. Ulichoniandikia kuhusu mkono sitawasomea. Hicho utakisema mwenyewe.

Una leo na kesho. Njoo kwa njia ya mtoni, usipite Kulamawe kwa sababu vijana wa Bule wako huko. Godana atakungoja darajani kesho jioni akupeleke polisi. Ukiwa ndani ya seli Bule hawezi kukufikia. Tafadhali njoo. Nimeweka nguo zako safi kwenye mfuko wa Godana, na dawa ya mkono.

Kama utakuja nyumbani kwa ajili yangu badala yake, mimi nalala chumba kile kile.

Dada yako,
Kabale

*

Isiolo
14 Aprili 1981

Mjomba Denge,

Assalaam aleikum.

Ijumaa walimleta Lomuria chini ya bati la mnada. Hakuweza kusimama. Waliuweka mkono wake juu ya gogo la mchinjaji, na Bule alikuwa amekunja mikono ya kanzu. Mzee Yattani alikuwa akimsihi, lakini Bule hakumtazama. Nilipita katikati ya wanaume mpaka mbele. Niliziweka saa zote mbili juu ya gogo lile, kando ya vidole vya Lomuria, zikiwa zimefunguliwa, na lenzi juu yake.

Bule akasema, "Tena wewe?" Nikamwambia, "Tazama kulabu." Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili. Nikasema hiyo ni alama ya fundi, na fundi huyo ameandika kwa mkono wake kwamba saa hii aliletewa na marehemu, na kwamba ilikuwa bandia tangu siku alipoinunua. Niliwasomea kipande hicho cha barua yako. Nilipofika kwenye kufuturu, wazee wengine walifunika nyuso. Bule aliketi chini mavumbini. Alisema, "Aliniambia saa hii isiguswe na maji." Akarudia hivyo mara mbili. Panga lilikuwa bado mkononi mwake.

Lomuria alifunguliwa. Gladys alimnywesha maji kwa sababu vidole vyake havikunji tena. Daktari amesema vya mkono wa kulia labda vitarudi.

Roba hakuja darajani. Godana alimngoja tangu alasiri ya Alhamisi. Jumamosi vijana wa Bule walimpata Gotu, akivuka mto na mbuzi wawili. Walimvuta kwa nywele wakamtoa majini, wakaulaza mkono wake wa kulia, ule uliokuwa mzima, juu ya jiwe, wakaukata, wakamwacha hapo hapo. Godana aliyekuwa akimtafuta ndiye aliyemkuta, akamfunga kwa shuka na kumbeba mpaka barabarani. Yuko hai. Yuko hospitali, na askari amekaa kando ya kitanda. Amewataja wenzake wawili. Nilikwenda kumwona jana. Aligeuza uso ukutani.

Mama hajasema nami tangu Jumamosi. Anapika, anaweka sahani yangu nje ya mlango, anarudi ndani. Usimwandikie ili anihurumie.

Nimefikiri sana kuhusu barua zako. Ni kweli, hakuna neno la uongo kuhusu saa. Lakini Lomuria alining'inizwa siku ishirini, na katika siku hizo wewe ulikuwa ukila, ukifungua duka na ukiniambia nirudi kwenye vitabu. Na mimi niliifanya ile kazi ya watu kumi. Nyumba ya akina Gladys niliichoma mimi pamoja na wewe. Sitaki kuliweka hilo upande wako peke yako.

Ijumaa ijayo, tarehe 17, wazee watakaa tena kuamua haki ya Lomuria na familia yake. Mzee Yattani aliniuliza mbele ya wote, "Binti, huyu fundi alijua lini?" Nikamwambia, "Tangu barua ya kwanza." Akaniuliza jina, nikataja jina lako, jina la baba yako, na mtaa uliko.

Wanataka uje useme mwenyewe. Mzee Yattani anasema Bule hatakugusa. Mimi siwezi kukuahidi, kwa sababu hata Roba alikuwa na watu waliosema hataguswa. Lakini njoo. Basi la asubuhi linafika kabla ya sala. Ukishuka utaniona, nitakuwa nimekaa na Gladys na mama yake.

Kabale